Picha Zilizovaa Buibui

Edmonton, Kanada
14 Januari 2024

Kwa Shangazi yangu Bimdogo,

Assalaam aleikum warahmatullah. Nakubusu mikono yote miwili, na namuomba Mola barua hii ikukute na afya, na lile goti lako la kushoto liwe limeacha ukaidi. Mimi ni mzima. Baridi imefika pahali ambapo nikieleza utasema natia chumvi, basi sitaeleza. Kazi ya kutengeneza lifti inaendelea. Majumba ya huku ni marefu na watu hawapendi ngazi, kwa hivyo riziki ipo.

Naandika kwa mkono kama ulivyoamrisha. Sijasahau yaliyokupata Ramadhani iliyopita, ujumbe wako wa sauti kuhusu futari ya jamaa zetu kina Ubaid ulipokwenda kwenye kundi la ukoo mzima badala ya kuja kwangu. Nasikia Ubaid mwenyewe aliusikiliza mara mbili. Mambo ya nyumba na yapite kwenye karatasi.

Jambo lenyewe ni la Shifa. Nimeanza kumuombea mke wangu ukaazi wa kudumu ili aje tuishi pamoja, na naliendesha mwenyewe bila wakili. Wakili mmoja nilimwendea. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama mke wangu yupo kweli. Nikaona huyo hatanifaa. Odera, jirani yangu aliyekulia Tudor, alimleta mkewe Beverly bila wakili yeyote. Aliniambia kazi yote ni kujaza fomu kwa ukweli na kuambatisha picha za harusi. Yeye alioa kanisani, na katika kila picha Beverly yumo, tena mbele.

Fomu nimezijaza kwa ukweli. Walipouliza nilikutana lini na mke wangu, niliandika: siku aliyozaliwa, nyumba ya pili kutoka kwetu. Walipouliza uhusiano wetu ulianza lini, niliandika: Ijumaa, baada ya sala ya Alasiri. Odera amenishauri niongeze maelezo kidogo.

Shida ni picha. Nilipeleka zote nilizonazo, za msikitini siku ya nikahi. Sasa wameniandikia. Wanasema wamezitazama kwa makini, na ndani yake nimeshikana mkono na mzee mmoja mwenye ndevu, sote wawili tumefurahi, na wanaume wengi wanatushuhudia. Wanaomba nieleze uhusiano wangu na huyo mzee. Vilevile wanaomba picha ambazo mke wangu yumo.

Zile tulizopiga ufukweni Mama Ngina baada ya harusi nilizipeleka pia, lakini Shifa amevaa ninja, macho tu nje, na wao wanasema mtu huyo hatambulikani. Mkononi ameshika mihogo ya kukaanga. Kuhusu mihogo hawakuwa na swali.

Shangazi, picha za ndani, za siku ya kupamba bibi harusi, ziko kwako kwenye kasha. Naomba uniletee albamu.

Mwanao,
Fuad


Kibokoni, Mombasa
9 Februari 2024

Mwanangu Fuad,

Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua imefika, mikono imebusiwa vya kutosha, sasa nisikilize. Goti ni zima likitaka. Shifa ni mzima, asubuhi anakwenda Makadara kwenye duka lao la dawa na Magharibi yuko nyumbani, kisha ananipikia kana kwamba mimi ndiye mgonjwa wake. Paka wa chini amezaa tena kwenye ngazi. Kina Ubaid hawajambo. Hawanisemeshi bado, na nyumba imepungua kelele.

Huyo mzee waambie ni Saif, baba wa bibi harusi. Yeye ndiye walii, mwenye kumwozesha binti, na kijana akioa hushikana mkono na walii. Hashikani mkono na bibi harusi mbele ya wanaume msikitini kana kwamba anamvusha barabara. Waambie pia Saif ana mke, tangu wewe hujazaliwa. Nilimsomea mkewe hilo swali lao na halikumfurahisha.

Kuhusu albamu. Wewe unajua siku ya kupamba ni mimi niliyesimama mlangoni na kikapu, na kila mwanamke alitia simu yake ndani ndipo akapita. Wake za watu wakivua mabuibui yao mle ukumbini ni kwa kuniamini mimi. Hata Loise, yule mpiga picha wa kike mwenye studio Mwembe Tayari, alipomaliza kutuchapishia nilichukua kadi ya kamera yake nikaitia kashani pamoja na albamu. Kazi hii nimeifanya tangu enzi za kamera za filamu, na hakuna mume wa mtu Mji wa Kale aliyemuona mke wa mwenziwe kwa uzembe wangu.

Sasa niambie. Huyo afisa atakayezitazama ni mwanamume au ni mwanamke?

Uso wa Shifa wameuona kwenye pasipoti. Ule ni uso wa dharura. Nywele, hina na asumini za kichwani ni mambo ya mumewe, na serikali ya Kanada mimi sikuiona kwenye nikahi.

Shangazi yako,
Bimdogo

Shifa anakusalimu. Amesema ana neno la kuongeza, nikamwambia karatasi imekwisha.


Edmonton
3 Machi 2024

Kwa Shangazi yangu,

Assalaam aleikum. Ramadhani inabisha hodi, Mungu atujaalie tuifunge kwa afya. Msalimie Mzee Saif na umuombe radhi kwa swali lile. Nimeshawajibu kwamba ni mkwe wangu.

Swali lako nimelifikisha ofisini kwao. Nililiandika kwanza, nikapata jibu la kunishukuru kwa kuwaandikia. Nikaliandika tena, nikashukuriwa tena. Basi nikapiga simu, nikawekewa muziki, nikawa nautia sikioni huku nafunga nati za lifti, mpaka akatokea dada mmoja. Nilimuuliza kama afisa wa faili letu ni mume au mke. Akaniuliza kwa nini nataka kujua. Nikamweleza habari ya nywele na asumini. Akasema faili hushikwa na yeyote aliye zamu. Kwa hivyo anaweza kuwa yeyote.

Muda wametupa mpaka mwisho wa Mei, na wanataka picha zilizochapishwa, kwa posta. Zisipofika watafunga faili, na tutaanza upya nyuma ya foleni.

Shangazi, nilimuoa Shifa mwezi wa Agosti, nikakaa naye wiki tatu, nikapanda ndege. Namkosa sana. Nakuandikia hivi hivi bila kupamba, kwa sababu sijui namna nyingine ya kukuharakisha.

Mwanao,
Fuad


Kibokoni
22 Aprili 2024

Mwanangu Fuad,

Waaleikum salaam, na Idd mubarak ingawa imeshapoa. Nilichelewa. Kwanza ilikuwa Ramadhani, kisha Idd, kisha mvua ikaingia ngazini na paka wakahamia kwangu. Halafu nilikuwa nafikiri. Mtu wa umri wangu akifikiri hafanyi jambo jingine.

Nimefikiri nikapata njia. Ndani ya bahasha hii mna bahasha nyingine, nimeizungushia utepe wa gundi mpaka utepe ukaisha. Hiyo ya ndani usiifungue. Humo mna wake za watu, na wewe si maharimu wao. Ipeleke kwa afisa ilivyo. Nakuapiza kwa haki yangu ya kukulea. Kila picha nimeishughulikia mwenyewe kwa mkono wangu, na afisa akiwa mwanamume au mwanamke hatapata dhambi, na wewe utapata mkeo.

Shifa alitaka kuzikagua kabla sijafunga, nikamwambia nimeshakagua. Alinifuata mpaka ofisi ya vifurushi akiniuliza nimekagua nini hasa. Gari lao lilikwama Kibarani kwa msongamano, tukaketi kulingoja, na muda wote huo aliniuliza. Huyu mtoto ana maswali. Sikujua alipokuwa jirani.

Usishangae mwandiko. Naandika kwa penseli kwa sababu wino wa nyumba nzima umekwisha.

Shangazi yako,
Bimdogo


Edmonton
14 Juni 2024

Kwa Shangazi yangu,

Assalaam aleikum. Natumai hujambo na goti halijambo. Mimi naandika nikiwa nimeketi, na nakuomba nawe uketi.

Ofisi imejibu. Wanasema picha zimechezewa. Wanasema katika kila picha kuna umbo moja au mengi yaliyofunikwa kwa wino mweusi kutoka utosini hadi miguuni, kwa uangalifu mkubwa. Neno uangalifu ni lao. Wametupa siku sitini tujieleze. Tusipowaridhisha, wataandika kwamba nimeidanganya serikali, na Shifa atafungiwa miaka mitano asiombe tena.

Wameambatisha nakala. Nimeziona sasa kwa mara ya kwanza, kwa kuwa bahasha niliipeleka bila kuifungua, kama ulivyoniapiza. Nilipomweleza Odera kwamba sikuifungua, alivua kofia yake akaiweka mezani, akaitazama. Katika picha moja nimekalia kile kiti cha dhahabu, natabasamu, na kando yangu kuna kitu cheusi mfano wa mtungi. Katika picha ya ukumbi ni safu baada ya safu za mitungi, na katikati sinia la halua, ambalo hukulipaka.

Nauliza mawili kwa adabu. La kwanza, nani alipaka wino?

La pili ni picha ya kumi na nne, maana wameiulizia hiyo hasa. Tumo watatu tu. Niko mimi, na mkono wa kulia, nafikiri, ni Shifa. Nyuma ya mgongo wangu kuna mtu wa tatu, na yeye amepakwa wino kuliko wote, mpaka karatasi imetoboka. Mikono yake iko juu. Wanataka kujua ni nani, na kwa nini amefichwa kuliko hata bibi harusi. Mimi sijui. Siku ile nilipoingizwa ndani kwa wanawake niliinamisha kichwa kama nilivyofunzwa. Nakumbuka zulia tu. Lilikuwa jekundu, lenye ndege.

Odera anasema hapa sasa ni pa wakili.

Mwanao,
Fuad


Kibokoni
27 Juni 2024

Mwanangu Fuad,

Waaleikum salaam. Niliketi.

Umeuliza nani alipaka wino kana kwamba kuna maiti. Nilipaka mimi. Mwanamke wa heshima akitoka nje huvaa buibui. Picha zilikuwa zinatoka nje, tena mbali. Nikazivisha. Ilinichukua wiki nzima, na kalamu za Shifa, na za jirani, na ya imamu ambaye hakujua. Kilemba cha mke wa Ubaid kilinitesa, maana kina vitu vinavyometa na wino haukishiki.

Kughushi ni kuongeza uongo. Mimi sikuongeza kitu. Nimepunguza ukweli kidogo, na sehemu waliyoihitaji nimewaachia. Wewe unaonekana vizuri kabisa, mpaka vifungo vya joho. Hiyo ni sitara, na uwaandikie hivyo.

Odera mwambie wakili hakuwapo harusini. Wewe uliyekuwapo unakumbuka zulia, je yeye atakumbuka nini?

Habari nyingine za huku ni kwamba nazi zimepanda bei na zimepungua tui. Tangi la maji la jirani linavuja upande wetu, nimemwambia, amesema ataangalia. Watoto wa paka wamefumbua macho. Mmoja ana kengeza.

Shifa hajambo. Tangu barua yako ije ananipikia kama kawaida, anaweka sahani, anasema, "Shangazi, chakula," kisha ananyamaza mpaka kesho yake. Afadhali angenigombeza. Nimezoea maswali yake.

Shangazi yako,
Bimdogo


Edmonton
6 Julai 2024

Shangazi,

Assalaam aleikum.

Swali la pili hukulijibu.

Nilikupigia simu Jumamosi. Ukanieleza habari za nazi, ukasema mtandao ni mbaya, ukakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Nilimsikia mpaka yule paka.

Nimemuuliza Shifa. Amesema anamjua mtu wa tatu, lakini kumtaja si haki yake. Nimemuomba, nimembembeleza, amekataa, na mara ya mwisho alilia. Sasa niko huku peke yangu na picha ya mtu aliyenyanyua mikono, na wanawake wawili wa nyumba yangu wanamjua, na mimi simjui.

Nimekasirika, Shangazi. Neno hilo sijawahi kukuandikia. Kwa ajili ya mtu huyo mke wangu atafungiwa miaka mitano. Huyo ni nani?

Fuad


Kibokoni
20 Julai 2024

Mwanangu Fuad,

Waaleikum salaam. Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaitia chini ya mto, na haikunyamaza.

Juzi Shifa alirudi kazini kabla ya wakati. Alinikuta sebuleni, akaketi sakafuni karibu na goti langu, hakuvua hata buibui. Akanambia, "Shangazi, mwauliza afisa ni mume au ni mke. Mwamuuliza Fuad. Mke wa Mzee Saif mwamsomea barua. Mwenye nywele ni mimi, na hapana aloniuliza."

Nikamuuliza.

Akasema, "Basi na wazione. Nikae hapa miaka mitano nimesitirika na mume wangu yuko kule? Hiyo si sitara, Shangazi. Hiyo ni eda ya mume aliye hai."

Nimefunza wasichana Kurani na adabu chuoni miaka mingi, na jibu la hilo sijawahi kulifunza kwa sababu sinalo. Halafu akanyanyua uso akasema, "Na yule wa tatu, wamficha asionwe na nani? Si Fuad huyo huyo ulomlea?"

Wa tatu ni mimi.

Mimi ninayewaambia mabinti kwamba mwanamke mtu mzima hatikisi mabega. Mimi wa kikapu cha simu. Kichwa kiwazi, mvi nje, kanga nimeifunga kiunoni, nacheza chakacha nyuma ya mgongo wako na nacheka mpaka pengo la jino linaonekana. Nilingoja uinamishe kichwa. Nilikufunza mimi mwenyewe kuinamisha kichwa, na sasa unajua nilikuwa na sababu mbili.

Kanga ile ni ya mamako.

Habari hii sijakupa mpaka leo, na umri huo ulio nao. Mamako Fadhiya alikuwa wifi yangu, na tangu alipoingia nyumba hii tulivutana. Yeye alipenda chumvi, mimi siipendi, na jikoni lilikuwa moja. Alipolazwa wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Siku ya mwisho niliyomuona aliniita nisogee. Nilifikiri ataniusia chuo chako, au chakula chako, maana hukuwa mlaji. Akanambia, "Bimdogo, siku Fuad yuwaowa, nitezee." Alitaka nicheze mimi, kwa niaba yake. Nikamwambia sijui kucheza. Akanambia, "Wajua. Nalikuona jikoni."

Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho. Hakuna wasia mwingine. Nilikuwa nikikutazama unavyokua, ukichakaza viatu, ukifeli hesabu, ukienda kusomea lifti, na kila mwaka nilijua kwamba iko siku itanibidi nicheze. Nilikuwa naiogopa na naitamani.

Sikukuambia kwa sababu ningekuambia habari ya chakacha, ungeuliza habari ya hospitali, na mimi sikutaka kulia mbele yako. Nilikuwa nakulea, sikuwa na nafasi ya kulia. Ndiyo maana nilipofika picha ile nilipaka wino mpaka karatasi ikatoboka. Sasa nalia, na karatasi unaiona mwenyewe, usiniulize.

Jana Shifa alinipeleka Mwembe Tayari kwa Loise. Tumefuta picha zote kwenye kadi isipokuwa hiyo ya kumi na nne. Wamo watatu, na hakuna mke wa mtu isipokuwa wako, naye ameridhika. Loise aliiweka kwenye kompyuta yake ikawa kubwa kama mlango. Nilitaka kutoka. Akasema, "Mama, ngoja kidogo," akaitazama yeye, tukaitazama sote.

Kadi hii hapa. Ifungue mwenyewe kwanza, kisha wape. Afisa akiwa mwanamume, shauri yake.

Shangazi yako anayekupenda,
Bimdogo


Edmonton
5 Oktoba 2024

Kwa Shangazi yangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakubusu mikono, na zaidi ya yote ile miwili iliyokuwa juu.

Kadi ilifika kabla siku hazijaisha. Niliifungua nikiwa peke yangu. Nimeiangalia picha ile mara nyingi kuliko nitakavyokubali. Mimi natazama zulia. Shifa ananitazama mimi. Wewe unatazama juu, kama mtu anayemuonyesha mwenziwe kwamba kazi aliyotumwa imefanywa. Nililia mpaka nikachelewa kazini, na watu wa ghorofa ya kumi na mbili wakateremka kwa ngazi. Mama yangu nilikuwa simkumbuki. Sasa ninalo neno lake moja, na nimelipata kwako. Hasira zangu nisamehe.

Maelezo niliandika mwenyewe, ukurasa mmoja. Niliandika kwamba mwanamke akitoka nje huvaa buibui, kwamba picha zilikuwa zinatoka nje, kwamba Shangazi yangu alizivisha, na kwamba mimi sikufungua bahasha kwa kuwa niliapizwa. Odera aliisoma akasema wakili asingeweza kuiandika hiyo, kwa sababu asingeiamini. Nikaambatisha picha ya kumi na nne.

Wakamwita Shifa kwa mahojiano ya kompyuta, hilo unalijua, ulimkalia nyuma ya pazia. Ila hukusikia upande wa pili kwa kuwa alitia vidude vya masikio. Walimuuliza siku ya harusi, na mahari, na mimi napenda kula nini. Kisha wakamuuliza yule mwanamke aliyenyanyua mikono ni nani. Shifa akajibu: ni mama za mume wangu, wote wawili. Wakamtaka aeleze. Akaeleza, kuanzia jikoni hadi kanga. Anasema sauti ilipenga kamasi, ikasema haina swali jingine.

Jumatatu wameandika. Wamekubali. Shifa amepewa ukaazi wa kudumu.

Na lile swali lako la kwanza, nilimuuliza Shifa hilo pia. Kamera ya afisa ilikuwa imezimwa, na mwenyewe alikuwa na mafua mazito, sauti imekauka. Mpaka leo hatujui ni mwanamume au ni mwanamke.

Najua unabaki peke yako kwenye nyumba ile. Tumelizungumza mimi na Shifa, hatuna raha nalo. Fomu za visa ya kutembea nimezitia humu.

Mwanao,
Fuad


Kibokoni
12 Januari 2025

Wanangu Fuad na Shifa,

Assalaam aleikum warahmatullah. Shifa, natumai umeshaona hiyo baridi ambayo mumeo hakutaka kuieleza, na unavaa soksi mbili. Dawa ya goti uliyoniachia naitumia. Duka lenu la Makadara wamemweka kijana mmoja, hajui kitu, lakini ana adabu.

Nyumba imekuwa kubwa. Sikulitarajia hilo, maana ni ile ile. Siku ya kwanza nilipika nikaweka sahani mbili, nikaondoa moja, nikairudisha, nikamwita paka mwenye kengeza. Natia chumvi kidogo nipendavyo, hakuna wa kunigombeza, na chakula hakina ladha. Nawakosa sana. Nimejifunza kwa Fuad kuandika hivi hivi.

Ubaid ameoza binti yake wiki iliyopita. Walikuja wenyewe kuniomba nisimame mlangoni, kwa hivyo tumesemezana. Nilikusanya simu zote kwenye kikapu, moja baada ya nyingine, ya Loise nikaitia juu kabisa niione. Kisha nikampa kikapu mke wa Mzee Saif akishike, nikaingia ndani, nikafunga kanga. Hakuna ushahidi.

Picha ya kumi na nne, isiyo na wino, Loise alinichapishia, nimeitundika chumbani kwangu juu ya kasha. Wanawake wakija wananiuliza huyu nyuma ni nani. Mwanzo nilisema ni jamaa wa Lamu. Siku hizi nasema ni mimi.

Fomu za visa nimejaza mwenyewe, bila wakili. Walipouliza sababu ya safari niliandika: kuangalia kama mwanangu anakula. Waliponiuliza kama nina jamaa huko, niliandika ndio, na faili lao mnalo.

Wanataka picha mbili za uso. Nilikwenda kwa Loise, akaniketisha mbele ya kitambaa cheupe, akanambia, "Mama, usicheke. Hawa wanataka uso mkavu." Nikawapa mkavu. Yule anayecheka wanaye tayari.

Mama yenu,
Bimdogo